MiG-21MF ya 1/48: shajara ya ujenzi, resini na shaba

17 Januari

Boksi limefunguliwa leo. Ni modeli ya plastiki ya MiG-21MF, ndege ya kivita ya Kisovieti, kutoka Eduard, kiwanda cha Jamhuri ya Cheki kilichoko Obrnice, kwa kipimo cha 1/48. Familia hii ya modeli ilianza kutoka mwaka 2011, na mpaka sasa sijashika nyingine ya kipimo hicho inayoifikia kwa uzuri wa riveti na mistari ya paneli. Ndege halisi ilikuwa na mabawa ya mita 7.15 kutoka ncha hadi ncha. Mezani kwangu hiyo ni kama sentimita 15, na kiwiliwili kinakaribia mara mbili ya hapo. Ukitazama namba hizo utaelewa MiG-21 ilivyo: injini moja, mabawa mafupi ya pembetatu, na rubani aliyekalishwa juu ya bomba.

Swali linalokuja kila mara ni kwamba kama modeli ni nzuri hivyo, vipande vya ziada vya resini na shaba, vinavyonunuliwa kando, vya nini? Jibu liko kwenye namna vinavyotengenezwa. Plastiki humiminwa kwa shinikizo ndani ya kalibu ya chuma, na kalibu ya chuma haikunjiki. Kipande chenye ukingo uliojikunja ndani kitanasa, na kipande chembamba sana plastiki haitakijaza. Resini, ambayo ni majimaji yanayoganda yakawa magumu, humiminwa kwenye kalibu ya mpira. Mpira unavutika, kwa hiyo mchongaji anaweza kuweka mkanda wa kiti uliolegea au waya uliojitenga na ukuta, na vyote vikatoka salama. Shaba nayo hukerezwa kwenye mashine mpaka iwe nyembamba kuliko sindano, bado imenyooka. Kila malighafi ina kazi inayoiweza.

Lakini bei. Ukinunua kila kitu kinachouzwa kwa ajili ya MiG-21 utajikuta umelipa modeli nyingine mbili, na nusu ya ulichonunua kitafungwa ndani ya kiwiliwili kisionekane tena. Kanuni yangu ni kali: kipande cha ziada kinunuliwe tu kama mtu anayeingia sebuleni, asiyejua lolote la ndege, jicho lake litatua hapo. Kwa kanuni hiyo nimechukua vinne: chumba cha rubani cha resini pamoja na kiti chake, mdomo wa injini wa resini (ule wa nyuma unaotoa moto), magurudumu ya resini, na fimbo ya pitot ya shaba, ile ya kupimia kasi inayochomoza puani, kutoka Master wa Poland. Nimeacha vishimo vya miguu ya kutua, breki za hewa zilizofunguliwa na seti ya rada.

Itakuwa ndege ya Chekoslovakia ya miaka ya 1970, rangi ya chuma. Kwetu huku jina MiG linamkumbusha mtu Entebbe, usiku wa kuamkia 4 Julai 1976, makomando wa Israel walipozichakaza MiG za Idi Amin zikiwa zimeegeshwa pale pale uwanjani. MiG ya Uganda itapata zamu yake. Safari hii nataka kupambana na rangi ya chuma, na ndege za Chekoslovakia ndizo zinazonipa ndege ya fedha yenye nembo inayopendeza: duara lililogawanywa vipande vitatu, buluu, nyekundu na nyeupe.

24 Januari

Siku ya kuosha. Vipande vya resini hutoka kiwandani vikiwa na mafuta yanayosaidia kuvitoa kwenye kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta hayo. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani, kisha vikaachwa vikauke juu ya taulo.

Kila kipande kimeungana na kigogo cha resini ambacho ndicho njia iliyopitia umiminaji. Kukitoa ni kazi ya msumeno mwembamba, si kisu, kwa sababu resini haikatiki kama plastiki. Ukiilazimisha inavunjika, nayo huchagua yenyewe pa kuvunjikia. Nakata nikiwa nimeilowesha, na nasugua kwenye msasa wa maji uliobandikwa juu ya kipande cha kioo. Vumbi la resini ni laini mno na halifai mapafuni. Barakoa zile zilizobaki tangu wakati wa korona zimepata kazi.

31 Januari

Chumba cha rubani, sehemu ya kwanza. Sanduku la resini lina sakafu, kuta mbili zenye swichi, na ukuta wa nyuma. Kabla ya rangi nimelijaribu ndani ya nusu mbili za kiwiliwili, na halikuingia: nusu zikifungwa, juu panabaki mwanya wa milimita moja hivi. Hili ni jambo la kawaida kwa vyumba vya resini, maana kuta za resini ni nene kuliko za plastiki inazochukua nafasi yake. Tatizo lazima lipatiwe dawa kwa kupunguza pande zote mbili. Ndani ya kiwiliwili nimekwangua plastiki hadi mwanga ukaanza kupenya nikiielekeza dirishani, na upande wa nje wa sanduku nimeusugua hadi kuta zikawa kama karatasi ngumu. Kazi ya jioni nzima, msasa namba 240 kisha 400, kujaribu, kutoa, kusugua.

Anayeanza na vipande vya ziada ningemwambia aache rangi kabisa mpaka jaribio hili liishe. Muuzaji anaandika kwenye pakiti kwamba kipande kimetengenezwa kwa modeli fulani, na wewe unaelewa kwamba kitaingia. Hakusema kitaingia. Alisema kimetengenezwa kwa ajili yake.

7 Februari

Rangi ya chumba. Vyumba vya ndege za Kisovieti vilipakwa ile buluu inayoelekea kijani, rangi ambayo ukiiona picha moja tu huisahau. Sababu inayotajwa sana ni kutuliza macho na akili ya rubani. Kwa modeli faida yake ni nyingine: rangi hiyo iking'aa chini ya kioo, mtu anasogea karibu kutazama.

Nimepuliza nyeusi kwanza, halafu rangi yenyewe kutoka juu kwa pembe, ili weusi ubaki kwenye kona na chini ya rafu za swichi. Swichi nimezigusa moja moja kwa ncha ya kijiti cha meno, nyeupe, nyekundu chache, manjano kidogo. Kisha maji ya rangi ya mafuta, kahawia iliyoiva, yakaingia kwenye mifereji, na brashi kavu ya rangi nyepesi ikapita juu ya kingo.

Paneli ya vipimo ndiyo niliyokaa nayo muda mrefu kuliko vyote. Katikati yake kuna mstari mweupe wa wima unaoteremka kati ya saa, yaani vipimo vya mviringo. Wengi huupaka kwa kufuata maelekezo bila kujiuliza. Mstari ule ni wa kuokoa maisha. MiG-21 ikiingia kwenye kuzunguka huku inaanguka, rubani amechanganyikiwa, hajui tena katikati ya usukani iko wapi. Anausukuma kuelekea mstari mweupe na hapo anakuwa na uhakika. Kwa hiyo lazima uwe umenyooka na uonekane. Nimeubandika kwa utepe wa dekali nyeupe (utando mwembamba wa kubandika kwa maji) niliokata kwa wembe mpya, upana wa nusu milimita, badala ya kuupaka kwa mkono. Ndani ya kila saa nimedondosha tone la klia, vanishi isiyo na rangi, ya kung'aa, nayo ikikauka inakuwa kioo.

Vibati vilivyochongwa kwa asidi vilivyomo kwenye boksi vina paneli nyingine iliyokwisha kupakwa rangi kiwandani. Ni nzuri kwa kusoma, mpaka herufi za saa zinaonekana, lakini ni bapa. Resini ina kina. Ukitazama kwa mbele hutaona tofauti. Ukitazama kwa pembe, kama jicho litakavyotazama kupitia kioo kilichofunguliwa, bapa inajisaliti.

8 Februari

Kiti. Ni KM-1, kiti kinachomrusha rubani nje ya ndege wakati wa hatari, na kina historia yake. MiG-21 za mwanzo zilitumia mfumo ambao rubani akirushwa nje, kioo kinaondoka pamoja naye kumkinga na upepo. Kioo hicho kilifunguka kwenda mbele. Kuanzia matoleo ya baadaye walibadili: kioo kinafunguka kwenda kulia, na kiti ni KM-1. Mtu anayejua MiG akiona kioo kimelala upande wa kulia anajua tayari si toleo la mwanzo.

Resini ya kiti imetoka na mikanda yake, hata buckle zina tundu. Mito nimeipaka kijani cha turubai kilichopauka, fremu nyeusi, na vishikio vya kurukia vyekundu. Hapa kanuni yangu ya jicho imelipa kuliko popote: kiti cha plastiki kingekuwa kiti tu, hiki kina mtu aliyeondoka muda mfupi uliopita.

14 Februari

Uzito wa pua.

Kwenye maelekezo hili ni mstari mmoja, na kwa anayetumia vipande vya ziada ni zaidi. Resini ni nzito kuliko plastiki. Mdomo wa injini wa resini uko nyuma kabisa ya magurudumu makuu, kwa hiyo unavuta mkia chini kwa nguvu kuliko modeli ilivyopangiwa. Usipofidia mbele, ndege itakalia mkia.

Nimekwenda Feri, soko la samaki, kununua risasi za mshipi, zile ndogo za mviringo. Muuzaji aliniuliza navua wapi. Nikamwambia ni za kutuliza ndege. Akanitazama, akapima, akanipa.

Mahali pa kuziweka ni ndani ya koni ya puani. Koni hiyo kwenye ndege halisi ilikuwa na kazi mbili. Ndani yake kulikuwa na rada, kwenye toleo hili la MF ni RP-22, na yenyewe ilisogea mbele na nyuma kulingana na kasi, ili wimbi la mshtuko la hewa likae mahali panapofaa na injini ipate hewa iliyotulia hata ndege ikipita mara mbili ya kasi ya sauti. Ukubwa wa koni ndio uliobana ukubwa wa rada, na ndio maana MiG-21 haikuwahi kuona mbali sana. Kwangu mimi udogo huo umebana risasi. Koni imejaa, nikaongeza nyingine nyuma ya chumba cha rubani, zote zikazamishwa kwenye gundi ya epoksi zisije zikagongana. Nimeshikilia kiwiliwili kwa tepu, nikakiegemeza kwenye kalamu mbili pale magurudumu makuu yatakapokuwa, na kikaangukia puani. Nimeridhika.

22 Februari

Kiwiliwili kimefungwa, mabawa yamekaa. Hapa hakuna la kusimulia sana. Gundi ya plastiki ya maji ikipita kwenye mshono kwa brashi, dakika chache, basi. Eduard walivyopanga mishono, mingi inaangukia kwenye mistari halisi ya paneli. Puti nimetumia kidogo kwenye mgongo nyuma ya kioo na mahali mabawa yanapokutana na tumbo.

Sehemu za resini na shaba hazishikani na gundi hiyo, kwa kuwa kazi yake ni kuyeyusha plastiki mbili ziwe moja, na resini haiyeyuki. Huko ni supagluu peke yake, tone kwa ncha ya waya.

7 Machi

Kompresa yangu ni ile iliyotolewa kwenye jokofu bovu. Haina kelele, inatoa shinikizo la kutosha kwa eabrashi, ile kalamu ya kupulizia rangi, na fundi wa majokofu wa mtaani kwetu aliiunganisha na tangi dogo na geji. Leo imekuwa dhaifu, nimemwita.

"Bosi, hii mashine inapulizia nini hasa?"

"Rangi. Ndege hii hapa."

Akaiinua ndege juu ya dirisha, akaizungusha. "Sasa mbona hujaipaka?"

Tatizo lilikuwa kichujio kilichojaa maji. Kwa hali ya hewa ya Dar kichujio cha maji kwenye mpira wa hewa si anasa. Na masika hayajaanza.

15 Machi

Kabla ya rangi ya chuma: praima, msasa, praima, msasa. Rangi ya chuma haifichi kitu. Kwenye ndege ya kijani na kahawia mkwaruzo mdogo unamezwa; kwenye fedha unaonekana kutoka mlangoni. Nimemaliza kwa msasa wa namba 3000 ukiwa na maji, hadi plastiki ikawa laini kama ganda la yai.

Halafu swali la rangi ya chini. Mazoea ya wajenzi ni nyeusi inayong'aa, kisha laka ya chuma juu yake, na matokeo ni kioo cha kujitazamia. Kwa Sabre ya Kimarekani iliyopigwa polishi sawa. MiG-21 ya kikosini siyo. Chuma chake kilifunikwa laka ya kinga, na kwa jua, mafuta ya injini na viatu vya mafundi, kilififia. Ukitazama picha za viwanja vya Ulaya Mashariki za miaka hiyo, ndege ni za fedha lakini hazikurudishii sura yako. Nimejaribu kwenye vijiko vya plastiki: kimoja juu ya nyeusi, kimoja juu ya kijivu cha kati, kimoja juu ya kijivu chepesi. Kijivu cha kati kimeshinda. Nyeusi nitaitumia kwenye paneli chache tu za kutofautisha.

4 Aprili

Masika yameshuka, na laka haipendi masika. Thina ya laka ikiruka haraka inapoza uso wa rangi, unyevu wa hewani unaganda juu yake, na rangi inafanya ukungu mweupe. Wapaka rangi wa magari wa Gerezani wanajua hili vizuri kuliko mjenzi yeyote wa modeli. Dawa yao ni thina inayochelewa kukauka, na nimechukua kwao chupa ndogo. Pia nimehamia chumba chenye kiyoyozi, kikiwashwa saa moja kabla ili kikaushe hewa, kisha kikizimwa wakati wa kupuliza kisirushe rangi. Ikibidi kusubiri umeme urudi, inasubiriwa.

5 Aprili

Chuma cha kwanza kimekaa. Mapigo mepesi, moja kwa moja kutoka pua kwenda mkia, shinikizo la chini. Kijivu kinapotea polepole na chuma kinatokea.

Baada ya hapo ndipo raha inapoanza. Nimefunika paneli kwa tepu, iliyopunguzwa nguvu kwanza kwa kuibandika kwenye paja la suruali, na kupuliza vivuli tofauti: alumini yenye giza kwenye vifuniko vya pembeni mwa pua, nyepesi zaidi kwenye mabawa, na mkia wa nyuma kabisa, pale injini inapotoa moto, umepata chuma kilichoungua. Sehemu hiyo ya ndege halisi ilipata joto mno, na chuma chake hubadilika rangi kwa mikanda. Nimetumia klia iliyotiwa buluu kidogo, kisha kahawia kidogo, kisha moshi. Tabaka nyembamba sana. Ukiweza kutaja rangi iliyopo umepitiliza.

Pua ya koni na ncha ya pezi la mkia ni kijani. Hizo si chuma. Zilitengenezwa kwa vitu vinavyopitisha mawimbi ya redio, ili rada na antena zifanye kazi. Usizipake fedha hata kama zitapendeza.

18 Aprili

Mdomo wa injini. Hapa nilikuwa na wasiwasi na fedha niliyotoa, maana mtu atachungulia nyuma ya ndege mara ngapi? Mara nyingi, imegundulika. Watoto wa jirani wakiingia, swali la kwanza ni moto unatokea wapi, na wanainama kuchungulia. Ndani ya resini kuna pete za kushikilia moto na ukuta wenye mawimbi, jambo ambalo plastiki ya boksi inaliigiza tu. Nimepaka ndani rangi ya majivu meupe yenye michirizi, kwani joto la huko huchoma masizi yenyewe, na nje majani ya mdomo yakawa chuma cheusi chenye buluu. Juu yake, chini ya pezi, kuna kile kijipipa cha parashuti ya kupunguzia mwendo ndege inapotua. Alama nyingine ya matoleo ya baadaye.

Magurudumu: resini, matairi yamebonyea kidogo chini kana kwamba yamebeba uzito, vikombe vyake vya kijani. Miguu mikuu inapokunjwa, magurudumu hujigeuza yasimame wima ubavuni mwa kiwiliwili, na ndiyo sababu ya uvimbe ule juu ya maungio ya mabawa. Nimeyabandika, yamekaa sawa, sina zaidi.

2 Mei

Dekali. Nembo nne za mabawani na mbili za mkiani, namba nyeusi puani, na msururu wa maandishi madogo ya kiufundi ambao mtu mwenye akili timamu angeuruka. Nimeyabandika karibu yote.

Adui wa dekali kwenye chuma ni hewa inayonasa chini yake na kung'aa. Uso lazima uwe laini, lakini klia nyingi juu ya laka ya chuma inaua mng'ao na kuigeuza kijivu. Nimepuliza klia pale tu dekali zitakapokaa. Maji ya uvuguvugu, dekali ikateleza, dawa ya kulainisha ikapita juu, na usiiguse tena. Inajikunja kama imeharibika, halafu inajinyoosha na kuzama kwenye riveti. Asiye na subira huishika hapo katikati.

9 Mei

Silaha. Kwenye nguzo za nje nimeweka makombora mawili ya R-3S, kwenye za ndani vibebeo vya roketi vya UB-16-57, kila kimoja mashimo 16 ya roketi za milimita 57. Tumboni tayari kuna bunduki ya GSh-23L ya mitutu miwili, na vile vibati vidogo chini ya milango ya hewa ya pembeni vinavyozuia moshi wa bunduki usinywewe na injini.

R-3S ina kisa kizuri kuliko vyote kwenye ndege hii. Mwaka 1958, katika mapambano ya anga ya Mlango wa Taiwan, kombora la Kimarekani aina ya AIM-9B Sidewinder lilichoma MiG-17 ya China bila kulipuka. Rubani akarudi nalo nyumbani. Likafika kwa Wasovieti, wakalifungua, wakalijifunza, wakalitengeneza la kwao. Kwa hiyo MiG yangu ya Kicheki imebeba mabawani silaha ambayo Wamarekani waliibuni wenyewe.

Kombora halisi lilikuwa na urefu wa mita 2.83, hapa ni milimita 59. Kwenye ncha za mapezi ya nyuma kuna vigurudumu vyenye meno. Hewa inavizungusha kwa kasi, vinakuwa kama pia, na vinazuia kombora lisijipindue angani bila kuhitaji kompyuta yoyote. Kwa kipimo hiki ni vitone vidogo kuliko punje ya mtama, lakini vimo, na nimevigusa kila kimoja kwa fedha.

Chini katikati ningeweza kuweka tangi la nje la lita 800 au la lita 490. Nimechagua la 490. Lile kubwa linaifanya ndege ionekane na tumbo.

16 Mei

Kioo. Fremu zake zimepakwa ndani rangi ya chumba kwanza, kisha nje chuma. Juu yake kuna kile kivimbe cha periskopu ya kutazamia nyuma, ambacho modeli nyingi za zamani zilikisahau. Kimefunguliwa kwenda kulia, na kishikio chake ni kibati cha asidi kinachohitaji kukunjwa mara mbili. Kibati kigumu kinakunjika vibaya, kwa hiyo nimekipitisha kwenye moto wa kibiriti mpaka kikawa chekundu, nikakiacha kipoe. Baada ya hapo kinatii.

Wiki hii rafiki yangu mmoja, naye mjenzi, aliniuliza kwa nini MiG-21 tena, wakati India waliziaga za kwao rasmi Chandigarh Septemba 2025 na dunia inajenga F-35. Nikamwambia ziliundwa zaidi ya 11,000, bado sijazifikia.

23 Mei

Fimbo ya pitot imebandikwa mwisho kabisa, kama inavyostahili, maana ndiyo ya kwanza kuvunjika. Kwenye MF inakaa juu ya pua, imesogezwa kidogo kulia kwa rubani. Kazi yake ni kupima shinikizo la hewa ili rubani ajue kasi yake. Mapezi madogo yaliyoizunguka hupima ndege imeelekeaje kwenye upepo.

Ya plastiki ilikuwa na mshono pande zote mbili, na kuusugua kunaifanya iwe bapa. Ya Master imekerezwa kwa shaba, inapungua kwa ngazi kuelekea ncha, na mapezi yake ni vibati vinavyoingia kwenye vijitundu vilivyotobolewa tayari. Nimevibandika kwa kibano nikiwa nimeshikilia pumzi, nikiwa na miwani mbili juu ya nyingine. Kati ya vipande vyote vinne hiki ndicho cha bei ya chini, na ndicho mgeni anachokitaja kwanza. Kama una fedha ya kipande kimoja tu kwa MiG-21, nunua hiki na uache mengine yote. Chumba cha rubani kingekuwa cha pili. Magurudumu ningeweza kuyaacha. Ya plastiki, yakisuguliwa chini kidogo, yangefanya kazi ile ile.

Sasa fimbo hiyo inachomoza mbele ya ndege kiasi kwamba kabati langu halifungi. Nimemwambia fundi wa kioo aje Jumatatu apime mlango mpya, sentimita mbili zaidi. Boksi la F-5E, modeli inayofuata, liko chini ya meza, resini yake imeshaoshwa.